Mng'ao Hautoshi: Kulijua Jiwe kati ya Busia na Tororo

Gari la abiria linalotoka Busia kwenda Tororo halimalizi saa moja barabarani, lakini linapita juu ya mawe ambayo hayakaribiani umri hata kidogo. Busia imekaa juu ya miamba ya kijani iliyopikwa na kukunjwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, ile ile inayoendelea hadi Kakamega, na ndani yake imepita mishipa myeupe ya kwatzi yenye dhahabu. Mji wa Tororo unatazamwa na mwamba unaofikia mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, ambao ni kiini cha volkano iliyozimika, yenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka tu. Kusini, upande wa Kenya, viko vilima vya Samia na chuma chake. Karibu na mji wa Tororo kuna vilima vya Sukulu, na mabonde yake yamejaa udongo wa kahawia ambao kwa anayeujua ni mbolea.

Ni vigumu kupata darasa zuri kuliko hili kwa somo la mhadhara huu, yaani kuyatambua madini kwa sifa zake za kimaumbile. Vifaa vinavyohitajika viko sokoni pande zote mbili za mpaka: msumari wa chuma, kipande cha kioo cha dirisha, kigae cha bafuni, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, ndimu, na mizani ndogo ya sonara. Kisichouzwa ni subira ya kulihoji jiwe kwa njia zaidi ya moja. Wengi hulitazama mara moja, wakaona linameta, wakaanza kutaja bei.

Rangi ndiyo sifa inayoonekana kwanza, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kwatzi safi haina rangi, lakini ikichanganyika na chembe kidogo tu za kitu kingine huwa ya zambarau, ya waridi, ya moshi au nyeupe kama ile ya mishipa ya Busia. Piriti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, ina rangi ya shaba nyeupe inayomfanya mchimbaji mgeni apige kelele shimoni. Ulanga mweusi uliokaa muda mrefu kwenye mvua na jua hugeuka wa manjano unaong'aa, na vijisahani vyake vikiwa chini ya maji ya karai mchana wa jua kali huonekana kuwa utajiri mtupu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mchimbaji mzoefu hulipeleka karai kivulini. Piriti na ulanga hung'aa pale tu nyuso zake bapa zinapokutana na mwanga. Karai likigeuzwa kidogo, mmeto unawaka na kuzima. Dhahabu haina nyuso hizo, hivyo rangi yake hubaki ile ile juani na kivulini, kila upande linapogeuzwa. Jaribio la pili ni kulichezesha karai polepole. Ulanga ni mwepesi, una uzito usiozidi sana mara tatu ya maji, basi huelea na kufuata mkondo. Dhahabu hubaki nyuma, imeng'ang'ania sakafu ya karai, nyuma hata ya ule mchanga mweusi ambao wenyewe ni mzito.

Ikipatikana punje ya kutosha kushikika, iwekwe juu ya chuma na kugongwa kwa nyundo ndogo. Dhahabu hutandazika. Gramu moja tu inaweza kufuliwa hadi ikawa utando wa takriban mita moja ya mraba, jambo ambalo hakuna piriti itakalolifanya: hiyo huvunjika vipande na pengine kurusha cheche. Ukwaruzaji nao unatoa jibu. Piriti hukwaruza kioo. Dhahabu hukwaruzwa na msumari bila ubishi. Kuna jiwe jingine la manjano lenye shaba, chuma na salfa, kalkopiriti, ambalo nalo hukwaruzwa na msumari na hivyo laweza kupita mtihani huo. Nyundo italikamata, na kigae pia kitalikamata.

Kigae kinahitaji maelezo, kwa sababu hakuna kifaa rahisi kinachosema kweli kama hicho. Upande wa mbele umepakwa rangi na kung'arishwa, haufai. Upande wa nyuma, usiong'arishwa, ukisuguliwa kwa jiwe huacha mstari wa unga wa jiwe hilo. Unga ndiyo rangi halisi ya madini, iliyovuliwa mng'ao na kutu ya juu. Dhahabu huacha mstari wa manjano wa dhahabu. Piriti na kalkopiriti, pamoja na uzuri wao wote, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Kigae chenyewe kina ugumu unaokaribia 7, kwa hiyo madini magumu kuliko hapo hayaachi unga wake bali huking'oa kigae, na mstari mweupe unaoonekana ni wa kigae.

Ugumu huo wa 7 unatoka kwenye orodha aliyoitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Alichagua madini kumi na kuyapanga kwa kanuni moja: lililo gumu hulikwaruza lililo laini. Talki ni 1, jasi 2, kalsiti 3, floriti 4, apatiti 5, feldspa 6, kwatzi 7, topazi 8, korundi 9 na almasi 10. Kwa mtu wa shambani, ukucha ni kama 2.5, na msumari na kioo viko jirani ya 5.5. Hizi ni nafasi za kwenye foleni, hazina maana ya kiasi. Almasi haijaizidi korundi kwa moja ya kumi. Imeizidi mara kadhaa. Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanafunzi wa chuo: msumari ukipitishwa juu ya kwatzi huacha alama ya kijivu, mtu akadhani jiwe limekwaruzika. Afute kwa kidole kilicholowa. Alama ikitoka, ilikuwa chuma cha msumari kilichosagika juu ya jiwe gumu kuliko chenyewe.

Uzito nao una hesabu yake, na katika mipaka ya dhahabu hesabu hiyo ni mkate wa watu. Mnunuzi makini hupima kipande kikiwa hewani, kisha hukifunga uzi na kukipima kikiwa kimezama majini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Tuseme kipande kina gramu 20 hewani na majini kinaonyesha gramu 18.9. Kimepoteza gramu 1.1, na 20 ikigawanywa kwa 1.1 ni karibu 18.2, yaani uzito wake ni kama mara 18.2 ya maji. Dhahabu tupu ni 19.3, fedha ni 10.5, na dhahabu ya asili haikosi fedha ndani yake. Kwa mchanganyiko wa hizo mbili, 18.2 inamaanisha dhahabu ya takriban asilimia 92 au 93, inayokaribia ile ambayo masonara huiita karati 22. Mchimbaji asiyejua hesabu hii hulazimika kuamini jedwali lililo mkononi mwa mnunuzi, na biashara yoyote ambayo jedwali liko upande mmoja tu ina hatari yake.

Hata hivyo mizani na maji havimalizi maneno. Kuna metali inayoitwa tangsteni yenye uzito wa 19.25 kwa kipimo hicho hicho. Iliyopakwa dhahabu itapita majini bila kushtukiwa. Itashikwa kwa ugumu wake, maana haikwaruziki wala haitandaziki kama dhahabu. Hivi ndivyo utambuzi unavyoenda: kila kipimo kina tapeli wake, lakini ni nadra tapeli mmoja kuvishinda vipimo vitatu kwa siku moja.

Dhahabu ya wilaya ya Busia, Uganda, kwenye maeneo kama Tiira, ilianza kuchimbwa miaka ya 1930, wakati ule ule ambao ng'ambo ya mpaka Kakamega ilikuwa imefurika wazungu wenye majembe na karai baada ya ugunduzi wa 1931. Leo wengi wa wanaoitafuta ni wachimbaji wadogo, wanawake wakiwa wengi kwenye kuosha na kusaga. Punje nyingi ni ndogo mno kuokotwa kwa jicho, ndiyo maana hutumia zebaki. Zebaki ina sifa ya kuishika dhahabu na kuacha mchanga. Donge linalotokea ni jeupe la fedha: dhahabu imo, rangi yake haipo. Likichomwa, zebaki huondoka kwa mvuke na ya manjano hubaki na matundu matundu. Mvuke huo hauonekani wala hauna harufu ya kumwonya mtu, na huharibu mishipa ya fahamu ya mchomaji na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliandikwa kwa sababu ya madhara ya namna hii. Kwa somo la leo inatosha kusema kwamba hakuna sababu yoyote ya kuchoma zebaki ili kujua tu kama jiwe lina dhahabu. Karai, kivuli, nyundo na kigae vinaweza kujibu swali hilo bure.

Chuma cha Samia kinafundisha kitu tofauti. Vilima hivyo vina miamba yenye mistari mistari, tabaka la chuma juu ya tabaka la kwatzi, na watu wa Samia, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, walisifika kwa uhunzi muda mrefu kabla ya reli na kabla ya mpaka wenyewe. Majembe yao yalifika mbali katika nchi za Waluo na Waluhya, yakalimia, yakauzwa, yakatolewa mahari. Mfua chuma wa zamani hakuwa na orodha ya Mohs, lakini tanuru lake lilimhukumu: mawe yasiyo na chuma cha kutosha yangekula makaa ya siku nzima na kutoa takataka. Alilazimika kuchagua kabla ya kuwasha moto.

Achague vipi? Kwanza kwa mkono. Kwatzi ni 2.65, hematiti inazidi 5, hivyo vipande viwili vinavyolingana ukubwa havilingani kabisa vikinyanyuliwa, na mkono uliozoea hauhitaji mizani. Pili kwa unga. Hematiti ni mwigizaji hodari: inaweza kuwa nyekundu ya udongo, ya kijivu kama chuma cha pua, au nyeusi inayometameta. Unga wake hauigizi, daima ni mwekundu wa kahawia. Magnetiti nayo ni nyeusi na unga wake ni mweusi, na huvutwa na sumaku waziwazi, jambo ambalo hematiti safi hailifanyi. Kwa hiyo jiwe jeusi zito la Samia linaulizwa maswali mawili, la kigae na la sumaku, na ndani ya dakika moja linakuwa limejitaja. Magnetiti tupu ni asilimia 72 chuma, hematiti ni 70. Tofauti si kubwa kwa mhunzi. Kwake swali kubwa ni kwatzi kiasi gani imejificha katikati ya mistari.

Tororo ndiyo inayostahili kutembelewa taratibu. Jiwe la mlima ule limelisha kiwanda cha sementi tangu miaka ya mwanzo ya 1950, na mtu akiokota kipande kisafi chake atalitambua bila shida: msumari unalikwaruza, ukucha haufui dafu, likipigwa linapasuka kwa nyuso bapa zinazolala upande, zikiunda mchemraba ulioegama, tone la asidi hafifu linatoa povu papo hapo, na hata maji ya ndimu yatalifanya litoe viputo vidogo kama kuna unga. Ni kalsiti. Vipimo vyote vinakubaliana.

Lakini mwamba wa kalsiti kwa kawaida huitwa chokaa ya baharini, iliyojengwa na magamba ya viumbe, na chokaa hukaa kwa tabaka. Mlima wa Tororo ni nguzo iliyochomoza ardhini, haina konokono wala tabaka la bahari, na jirani zake ni miamba ya volkano. Wanajiolojia wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 walibishana. Huko Norway, W. C. Brøgger alikuwa amependekeza mwaka 1921 kwamba mwamba wa kabonati unaweza kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi kama lava nyingine. Kambi ya pili ilicheka: kalsiti ikipata moto hutoa gesi na kugeuka chokaa ya kuchomwa, itayeyuka vipi? Walidai kwamba volkano ilibeba tu bonge la chokaa ya zamani kutoka chini. Ubishi huo uliendelea hadi Oktoba 1960, J. B. Dawson alipoiona lava ya kabonati ikitiririka ndani ya kreta ya Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Ilikuwa nyeusi na yenye joto dogo kuliko lava zinazojulikana, na baada ya kukutana na unyevu wa hewa iligeuka nyeupe. Ile ya Lengai imejaa sodiamu na ya Tororo imejaa kalsiamu, hivyo si ndugu wa tumbo moja, ila swali la kama kabonati inaweza kuyeyuka na kumwagika lilikuwa limefungwa.

Kisa hiki kinawekwa hapa makusudi. Msumari na ndimu vilisema kweli tangu siku ya kwanza. Madini yalikuwa kalsiti na bado ni kalsiti. Vilichoshindwa kusema ni mwamba ulitoka wapi, kwa sababu hakuna aliyeviuliza hivyo, wala si kazi yake. Kuyatambua madini ni kujua jiwe limeundwa na nini. Historia yake inasomwa kwenye umbo la mlima, majirani zake na namna lilivyolala, na anayechanganya maswali hayo mawili atagombana na kigae bure.

Asili hiyo ya volkano ilikuwa na gharama kiwandani. Pamoja na kalsiti, miamba ya aina hii hubeba apatiti, madini ya fosfeti, na fosfeti ikizidi kwenye malighafi, sementi inachelewa kushika na nguvu yake ya mwanzo hupungua. Mchagua mawe anayejua kutofautisha viwili hivyo ana faida. Apatiti ni ngumu zaidi, msumari unaikwaruza kwa shida. Haitoi povu la kalsiti. Haipasuki kwa nyuso safi. Na ikikua vizuri huwa na umbo la nguzo yenye pande sita. Tatizo ni kwamba mara nyingi haikui vizuri. Huwa chembe zilizotapakaa, na macho peke yake hayawezi kuzihesabu.

Kisichotakiwa kwenye sementi ndicho kinachotafutwa Sukulu. Huko mvua ya maelfu kwa maelfu ya miaka iliyeyusha kalsiti na kuisomba, ikaacha vile visivyoyeyuka kirahisi: apatiti, magnetiti, na udongo wa kutu. K. A. Davies wa Idara ya Jiolojia ya Uganda aliieleza fosfeti ya mkoa huo wa Mashariki mwaka 1947. Hifadhi yake imekadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 200. Kiwanda cha mbolea kilifanya kazi Tororo kuanzia miaka ya 1960 kikasimama mwishoni mwa ile ya 1970, na Oktoba 2018 kikafunguliwa kingine cha kampuni ya Kichina ya Guangzhou Dongsong. Mkulima wa jirani anaweza kuuliza kwa nini asichote udongo huo na kuumwaga shambani. Jibu ni kwamba apatiti ya volkano huyeyuka polepole mno kwa mahindi ya msimu mmoja. Kiwandani hutiwa asidi ya salfa ili mizizi iweze kuinywa.

Sumaku ya spika, ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kupitishwa kwenye gao la udongo mkavu wa Sukulu, hutoka imeota ndevu nyeusi za magnetiti. Mfuko ukivuliwa juu ya karatasi, zinaanguka. Ni onyesho zuri kwa shule yoyote ya Tororo, na halina gharama.

Kaskazini kidogo, Namekara, kuna vemikuliti, ndugu wa ulanga, inayochimbwa katika mabaki ya volkano nyingine ya familia hiyo hiyo. Kipande kikiwekwa juu ya makaa, maji yaliyofungiwa kati ya majani yake hugeuka mvuke na jiwe hujinyoosha mara nyingi ya urefu wake, jepesi kiasi cha kuelea. Hakuna atakayelisahau baada ya kuliona mara moja.

Uwezo wa mkono na jicho una mwisho, na mahali unapoishia ni vizuri pajulikane. Busia, karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa vimeshaiozesha piriti ikawa kutu na dhahabu iliyokuwa ndani imeachwa huru. Ndiyo inayokaa karaini. Shimo likishuka chini ya maji ya ardhini, jiwe lile lile linaweza kuwa na dhahabu nyingi ambayo imefungwa ndani ya piriti au ya asenopiriti kwa chembe zisizoonekana hata kwa kioo cha kukuzia. Mchimbaji huosha, hapati kitu, na kulihama shimo. Asenopiriti ina rangi ya fedha na ikipigwa nyundo kwa nguvu hutoa harufu ya kitunguu saumu. Harufu hiyo ni aseniki, sumu, na jaribio la kunusa lisifanywe kwa kusudi wala jiwe hilo lisichomwe jikoni. Sukulu nako kuna pirokloro, madini ya niobiamu, kwa punje ndogo za kahawia ambazo kwa mtu wa kawaida ni mchanga tu.

Haya ni ya kupelekwa maabara, kama ile ya idara ya serikali iliyoko Entebbe, ambako utafiti wa jiolojia wa Uganda una makao tangu 1919. Anayepeleka sampuli apeleke jiwe bichi lisilooshwa, kubwa kama ngumi au zaidi, kila moja katika mfuko wake, na ndani ya mfuko aweke karatasi yenye jina la mahali, kina cha shimo, tarehe, na aina ya mwamba uliokuwa kulia na kushoto kwa mshipa. Aandike kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika ukipata unyevu wa jiwe.